Supakondakta za joto la juu: umeme unaopita bila kupotea

Waya wa shaba, hata uwe safi kiasi gani, hula sehemu ya umeme unaopita ndani yake. Elektroni zinazobeba mkondo hugongana na atomu zinazotetemeka na kasoro zilizomo ndani ya metali, na kila mgongano huacha nishati kidogo kama joto. Tabia hiyo ya kuupinga mkondo huitwa ukinzani. Ndiyo inayoipa pasi moto wake, na ndiyo inayolazimu transfoma za Kisauni, mjini Mombasa, zijazwe mafuta ya kuzipoza. Ni hiyo pia inayofanya umeme utoke mitambo ya Kipevu, kule Changamwe, ukiwa mwingi na umfikie mteja ukiwa umepungua. Supakondakta ni kitu ambacho kikipozwa vya kutosha hupoteza ukinzani wote. Ukinzani haupungui tu ukawa mdogo sana, bali huisha kabisa. Mkondo ulioanzishwa ndani ya pete ya supakondakta huzunguka wenyewe miaka na miaka, bila betri wala jenereta, mradi baridi isikatike.

Aliyeligundua jambo hili ni Heike Kamerlingh Onnes wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi. Mwaka 1908 alifaulu kuigeuza gesi ya heliamu kuwa kimiminika, kazi iliyokuwa imewashinda wengine wote, na hivyo akapata baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Wanafizikia hupima baridi ya namna hiyo kwa kelvini, kipimo kinachoanzia mahali ambapo hakuna tena joto la kuondoa, yaani nyuzi 273 chini ya sifuri ya kawaida. Kwa kipimo hicho, heliamu huchemka kwenye kelvini 4.2. Tarehe 8 Aprili 1911 maabara yake ilipima ukinzani wa zebaki iliyogandishwa ndani ya baridi hiyo, na ukinzani ukatoweka ghafla. Onnes alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913.

Miaka 20 na zaidi ikapita kabla sifa ya pili haijaonekana. Mwaka 1933 Walther Meissner na Robert Ochsenfeld, wakiwa Berlin, waligundua kwamba supakondakta huufukuza uga wa sumaku kutoka ndani ya mwili wake. Sumaku ndogo ikiwekwa juu ya kipande cha supakondakta kilichopozwa huelea hewani, bila kamba wala nguzo. Sifa hii ina uzito zaidi kuliko mchezo wa kuelea unaoonyeshwa wanafunzi, kwa kuwa ndiyo ushahidi wa kweli. Kipimo cha ukinzani kinaweza kudanganya kwa sababu ya waya ulioungwa vibaya au kifaa kisichokuwa makini. Kitu ambacho hakiufukuzi uga wa sumaku hakiitwi supakondakta, vyovyote ukinzani wake utakavyosomeka.

Maelezo ya kuridhisha yalipatikana mwaka 1957, yakitolewa na Wamarekani watatu: John Bardeen, Leon Cooper na Robert Schrieffer. Ndani ya waya wa kawaida, elektroni hujiendea kila moja kivyake, mfano wa abiria wanaoshuka feri ya Likoni asubuhi: huyu anamkanyaga yule, mwingine anagonga mkokoteni, wote wanachelewa na kutoka jasho. Baridi ikizidi katika metali fulani, elektroni hushikana mbilimbili kwa msaada wa mitetemo ya atomu zenyewe, na jozi zote huingia katika mwendo mmoja wa pamoja. Mgongano mdogo hauwezi kuing'oa jozi moja kutoka katika mwendo wa zote, kwa hiyo hakuna nishati inayopotea. Joto likipanda kupita kiwango fulani, jozi huvunjika na ukinzani hurudi.

Kiwango hicho cha joto si mpaka pekee. Kila supakondakta ina mipaka mitatu: joto, uga wa sumaku na wingi wa mkondo. Ukivuka mmoja wowote, mambo huharibika. Onnes alidhani angeweza kusuka koili ya risasi na kutengeneza sumaku yenye nguvu isiyowahi kuonekana, lakini uga wa sumaku uliozalishwa na koili yenyewe uliiua hali ile kabla hajafika popote. Ilibidi kungoja hadi miaka ya 1950 na 1960, zilipopatikana aloi za niobiamu, hasa niobiamu na bati na niobiamu na titaniamu. Hizi hazizuii sumaku yote. Huiruhusu ipenye katika nyuzi nyembamba sana, huku mkondo ukiendelea kupita pembeni bila ukinzani. Nyuzi hizo zikishikwa mahali pake na kasoro ndogondogo zilizowekwa makusudi ndani ya metali, waya huweza kubeba mkondo mkubwa ndani ya uga mkali. Ni hapo supakondakta ilipotoka maabara na kuingia kazini.

Kazi yake kubwa hadi leo ni mashine ya MRI. Mgonjwa wa Likoni au Changamwe anayevuka kwenda hospitali ya kisiwani Mombasa kupigwa picha ya ubongo au uti wa mgongo hulazwa katikati ya koili ya niobiamu na titaniamu inayopozwa kwa heliamu ya kimiminika. Uga wa mashine nyingi za namna hiyo ni tesla 1.5, ambao ni zaidi ya mara 40,000 ya uga wa dunia unaogeuza sindano ya dira pale Mombasa. Mashine ya kawaida hubeba heliamu inayofika lita 1,000 na zaidi. Mkondo ukishawekwa ndani ya koili haukatwi jioni kazi inapokwisha, bali huzunguka usiku na mchana kwa miaka. Ndiyo sababu chumba cha MRI ni cha hatari hata wakati hakuna mgonjwa, na mtungi wa oksijeni ulioingizwa humo kwa kusahau unaweza kurushwa kama kombora.

Pwani ya kusini ya Kenya iko karibu na malighafi ya waya huo kuliko wakazi wengi wanavyojua. Kuanzia mwisho wa mwaka 2013 hadi Desemba 2024 kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga mzito wa Kwale, na madini yake ya titaniamu yakapakiwa melini kutoka gati lake la Likoni. Sehemu kubwa ya titaniamu ya dunia huishia katika rangi nyeupe za kupaka nyumba, na sehemu ndogo tu hufanywa metali. Kusini zaidi, katika kaunti hiyohiyo ya Kwale, kuna kilima cha Mrima, ambacho tangu miaka ya 1950 wanajiolojia wamejua kuwa kina niobiamu pamoja na madini ya ardhi adimu. Na heliamu, ambayo kwa miaka mingi imetoka Marekani, Qatar, Algeria na Urusi, ilitangazwa mwaka 2016 kuwepo kwa wingi chini ya bonde la Rukwa, Tanzania. Tangazo hilo lilitokana na kazi ya watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham wakishirikiana na kampuni ya Helium One. Heliamu hiyo huzaliwa polepole ndani ya miamba ya kale, urani na thoriamu zinapooza, na joto la Bonde la Ufa huifungua itoke. Visima vilivyochimbwa baadaye vimethibitisha kwamba gesi ipo.

Heliamu hata hivyo ni gesi ghali, hupatikana mahali pachache, na ikishavuja huenda zake angani isirudi tena. Kwa miaka 75 ya mwanzo supakondakta zote zilifungwa na kamba hiyo. Rekodi ya joto ilipanda kwa kutambaa: kutoka kelvini 4 za zebaki hadi kelvini 23 tu za niobiamu na jemaniamu mwaka 1973. Wataalamu wengi walikuwa wamekata tamaa ya kufika mbali zaidi.

Mwaka 1986 Georg Bednorz na Alex Müller, wakifanya kazi katika maabara ya IBM ya Rüschlikon karibu na Zürich, Uswisi, walichagua njia ambayo wenzao wangeiona ya ajabu. Waliacha metali na kugeukia kauri, yaani vitu vya jamii ya vigae na vikombe, ambavyo kwa kawaida havipitishi umeme kabisa. Mchanganyiko wao wa lanthanamu, bariamu, shaba na oksijeni uligeuka supakondakta kwenye kelvini 30 na zaidi. Habari zilipoenea, maabara za dunia nzima zilianza kuoka unga wa namna kwa namna. Mwanzoni mwa 1987 vikundi vya Paul Chu wa Houston na Maw-Kuen Wu wa Alabama viliweka itriamu mahali pa lanthanamu, na joto la mpito likaruka hadi kelvini 93. Tarehe 18 Machi mwaka huohuo wanafizikia walijazana katika hoteli moja ya New York na kusikilizana hadi usiku wa manane. Bednorz na Müller walipewa Tuzo ya Nobel kabla mwaka haujaisha, jambo la nadra sana katika historia ya tuzo hiyo.

Kelvini 93 ni nyuzi 180 chini ya sifuri. Kuiita joto la juu kunaweza kumshangaza mtu aliyezoea jua la Pwani, lakini namba iliyo muhimu hapa ni 77, yaani kelvini ambapo naitrojeni huchemka. Naitrojeni ni asilimia 78 ya hewa anayovuta kila mtu. Haichimbwi wala haiagizwi kutoka ng'ambo, kwani mtambo unaoishindilia na kuipoza hewa huitoa papo hapo. Lita moja ya naitrojeni ya kimiminika inapochemka huondoa joto karibu mara 60 ya lile linaloondolewa na lita moja ya heliamu. Tena haihitaji vyombo vya kisasa mno. Wafugaji wa Kenya wanaifahamu kwa miongo mingi, kwa kuwa mbegu za madume zinazotoka kituo cha Kabete hutunzwa ndani yake, na mtaalamu wa kuhimilisha ng'ombe huisafirisha kwa pikipiki ndani ya mtungi wenye kuta mbili. Kutahadhari bado ni lazima: kimiminika hicho huunguza ngozi kwa baridi, na lita moja ikigeuka gesi hujaza nafasi ya karibu lita 700, hata ikaweza kumkosesha mtu pumzi katika chumba kilichofungwa.

Hesabu ya umeme nayo inabadilika. Kuondoa wati moja ya joto kwenye kelvini 4 huhitaji mashine ya kupoza inayokula wati mamia kadhaa. Kwenye kelvini 77 zinatosha wati kumi na kitu hadi ishirini. Tofauti hii ndiyo inayoamua kama kifaa kitaokoa umeme au kitaula zaidi ya kile kinachookoa.

Baada ya itriamu zilifuata jamaa zake. Mwaka 1988 Hiroshi Maeda wa Japani alipata kauri ya bismathi, strontiamu, kalisi na shaba iliyofika kelvini 110. Mwaka huohuo kauri za thaliamu zilifika takriban 125, na mwaka 1993 kauri ya zebaki iliyotengenezwa Zürich ikapita 130. Zote zina tabaka za shaba na oksijeni zilizopangwa moja juu ya nyingine, na ndani ya tabaka hizo ndimo mkondo unamopita. Mwaka 2001 Jun Akimitsu na wenzake walionyesha kwamba magnesiamu iliyochanganywa na boroni, kitu rahisi kilichokuwa kimekaa kabatini kwa miaka mingi, hufanya kazi hadi kelvini 39. Mwaka 2008 Hideo Hosono, Mjapani mwingine, alifungua jamii nzima yenye chuma ndani yake. Jamii hiyo ilishtua, kwa kuwa chuma ni adui wa kale wa hali hii.

Furaha ya 1987 iliwafanya waandishi wengi watabiri treni zinazoelea na miji isiyopoteza umeme ndani ya miaka michache. Haikuwa hivyo, na kosa halikuwa la fizikia bali la ufundi. Kauri haivutwi ikawa waya kama shaba. Ikikunjwa huvunjika. Isitoshe, imeundwa na chembechembe nyingi, na chembe mbili zilizo jirani zisipoelekeana vizuri, mkondo hukwama kwenye mpaka wao. Pembe ya nyuzi 10 hivi kati ya chembe na chembe inatosha kuushusha mkondo vibaya sana. Ilibidi mafundi watafute namna ya kutengeneza kauri yenye urefu wa kilomita ambayo chembe zake zote zimetazama upande mmoja.

Njia ya kwanza ilikuwa kuujaza unga wa kauri ya bismathi ndani ya mirija ya fedha, kuivuta, kuibana iwe bapa na kuioka. Ilifaulu, ila fedha ni ghali. Njia ya pili, inayotawala sasa, huanza na utepe wa chuma kigumu chenye nikeli, wenye upana wa milimita chache. Juu yake hupakwa tabaka kadhaa nyembamba za kuzipanga chembe, halafu kauri ya itriamu au ndugu zake wa ardhi adimu, kisha fedha kidogo na shaba ya kuilinda. Tabaka inayofanya kazi haina unene hata wa mikromita mbili. Ni kazi ya ustadi wa ajabu, inayofanyika ndani ya ombwe katika viwanda vichache vya Japani, Marekani, China, Ulaya na Urusi, na ndiyo sababu kuu ya bei ya utepe kubaki juu hata baada ya kushuka mara nyingi.

Matumizi ambayo watu huyawaza kwanza ni nyaya za umeme, na hapo ndipo pa kutazama kwa makini. Kampuni ya kusambaza umeme ya Kenya Power imekuwa ikiripoti katika miaka ya karibuni kwamba zaidi ya asilimia 20 ya umeme inaonunua haifiki katika mauzo. Ni rahisi kudhani kwamba supakondakta ingeirudisha yote. Sehemu kubwa ya hasara hiyo, lakini, hutokea katika njia ndogondogo za mitaani, katika transfoma zilizolemewa, na kwa watu wanaojiunganishia stima kwa mlango wa nyuma. Huko hakuna utepe wa kauri utakaosaidia. Njia ndefu nazo zina tiba yake ya zamani: volteji ikipandishwa, mkondo hupungua, na joto linalopotea hupungua kwa kasi kubwa zaidi. Ndiyo maana njia ya kilomita 482 kati ya Mombasa na Nairobi ilijengwa kwa kilovolti 400, na ile ya kutoka Ethiopia hadi Suswa, iliyoanza kazi mwaka 2022, hutumia kilovolti 500 za umeme wa mkondo mnyoofu. Kuzika bomba la naitrojeni kutoka Mombasa hadi Nairobi, na kituo cha kupoza kila baada ya kilomita kadhaa, hakuingii akilini.

Mahali pake hasa ni mjini, chini ya ardhi, palipobanana. Mfano ulio wazi ni mji wa Essen, Ujerumani, ambako mwaka 2014 kebo ya supakondakta yenye urefu wa kilomita moja iliunganisha vituo viwili vya katikati ya mji. Ilibeba megawati 40 kwa kilovolti 10 tu, kazi ambayo kwa kawaida ingehitaji kebo ya kilovolti 110 pamoja na transfoma kubwa na kiwanja cha kuziweka. Mtambo wa Kipevu III wa kampuni ya KenGen, uliozinduliwa 2011, una uwezo wa megawati 120, kwa hiyo kebo tatu za aina ya Essen zingebeba umeme wake wote katika mtaro mwembamba, bila minara. Kabla ya hapo, mwaka 2008, kebo ya mita 600 hivi iliwekwa Long Island, New York, kwa kilovolti 138. Korea Kusini ilifuata mwaka 2019, na Shanghai ikawasha yake ya kilomita 1.2 mwaka 2021. Faida iliyothibitika katika miradi hiyo yote ni nafasi kuliko umeme unaookolewa. Mji usio na kiwanja cha kituo kipya hupata njia ya kuongeza nguvu ndani ya mitaro yake ya zamani. Kwa mji wenye sehemu kama Changamwe, ambako nyumba, maghala, reli, mabomba ya mafuta na barabara ya malori vinagombea ardhi ileile, hoja hiyo ina uzito, ingawa gharama bado haijashuka hadi pa kuifanya iwe jambo la kesho. Hali ya hewa nayo ina kauli yake, kwani mashine ya kupoza inayotupa joto nje kwenye nyuzi 32 hufanya kazi zaidi ya ile ya Essen wakati wa baridi.

Kuna faida nyingine ndani ya kebo na vifaa vya namna hii. Nyaya mbili zikigusana na mkondo ukafurika, supakondakta huvuka mpaka wake wa mkondo na kupata ukinzani papo hapo, hivyo hujizuia yenyewe kabla swichi hazijafunguka. Vizuizi vya mkondo vilivyojengwa kwa kanuni hiyo vimewekwa katika gridi kadhaa za Ulaya na Asia.

Uwanja ambao kauri hizi zimeleta badiliko kubwa zaidi ni ule wa sumaku kali. Aloi za niobiamu hushindwa uga ukikaribia tesla 25, hata zikipozwa kwa heliamu. Kauri zikipozwa kwa kiwango hichohicho hazishindwi. Kwa hiyo watafiti wanazitumia pia katika baridi kali kuliko ya naitrojeni, si kwa ajili ya kuokoa heliamu bali kwa nguvu. Septemba 2021 Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts pamoja na kampuni ya Commonwealth Fusion Systems viliwasha koili kubwa ya utepe wa ardhi adimu, ikafika tesla 20. Koili za aina hiyo zimekusudiwa kuzingira gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi ili viini vya hidrojeni viungane, kama vinavyoungana ndani ya jua, na kutoa umeme. Nguvu ya kuzuia gesi hiyo hupanda haraka sana uga unapoongezeka, ndiyo maana mtambo unaweza kupunguzwa ukubwa mara nyingi. Kama mitambo hiyo itafaulu kuzalisha umeme wa kuuzwa, utepe mwembamba wa kauri utakuwa umefanya kazi kubwa kuliko yote iliyotabiriwa 1987.

Baharini, uzito na nafasi ni fedha. Jeshi la wanamaji la Marekani lilijaribu injini ya umeme ya megawati 36.5 iliyosukwa kwa tepe za kauri, na mwaka 2009 ikafikisha nguvu zake zote ikiwa na uzito usiofika nusu ya injini ya shaba ya kiwango hicho. Jeshi hilo pia limezifunga kebo za supakondakta katika baadhi ya meli zake ili kufuta sumaku ya chuma cha meli, inayoweza kuamsha mabomu ya baharini. Manowari zote, zikiwemo zinazotia nanga Mtongwe, Mombasa, zina tatizo hilo la sumaku, na kwa kawaida hutatuliwa kwa shaba nzito tani nyingi. Nchi kavu, Denmark ilikuwa na jenereta ya upepo ya megawati 3.6 yenye koili za kauri, iliyozungushwa Thyborøn kati ya 2018 na 2019 katika mradi wa EcoSwing. Ilithibitisha kwamba kifaa hicho hustahimili kazi, ila kwa bei hakikukishinda kile cha kawaida.

Treni zinazoelea zipo kweli. Tarehe 21 Aprili 2015 treni ya Japani kwenye njia ya majaribio ya Yamanashi ilifika kilomita 603 kwa saa. Kwa mwendo huo, safari ya kutoka stesheni ya Miritini, Mombasa, hadi Nairobi isingefika saa nzima. Sumaku za treni hiyo ni za niobiamu na titaniamu. Za kauri zimejaribiwa kwenye njia hiyohiyo, na katika mji wa Chengdu, China, treni ya mfano inayoelea kwa kauri iliyopozwa kwa naitrojeni ilionyeshwa Januari 2021.

Upande wa pili wa ukubwa kuna vipimo vyepesi vya sumaku vinavyotumia pete ndogo ya supakondakta, vyenye uwezo wa kuhisi uga mdogo mno kuliko ule wa dunia. Watafiti wa CSIRO ya Australia walitengeneza kipimo cha kauri kinachopozwa kwa naitrojeni na kubebwa porini kutafuta madini yaliyo chini sana ya ardhi, na kimesaidia kugundua nikeli na fedha katika nchi mbalimbali.

Hapo kilima cha Mrima kinarudi katika hesabu kwa mlango mwingine. Mbali na niobiamu ya nyaya za zamani, kina madini ya ardhi adimu, jamii inayotumiwa katika tepe mpya. Mwaka 2013 kampuni ya Cortec ilitangaza kwamba madini hayo yana thamani ya mabilioni ya dola, leseni yake ikafutwa na serikali mwaka huohuo, na Oktoba 2018 baraza la usuluhishi la kimataifa likaikataa kesi yake dhidi ya Kenya. Kilima ni msitu wa hifadhi na kaya ya Wadigo, tena kina thoriamu inayofanya mionzi ya ardhi yake kuwa juu kuliko kawaida, kwa hiyo uchimbaji wowote una mzigo wake. Ni vyema pia kufahamu jinsi supakondakta zinavyohitaji madini hayo kidogo. Utepe wa upana wa milimita 4 na urefu wa kilomita moja, ukiwa na tabaka ya kauri ya mikromita moja, una gramu 25 hivi tu za kauri, na ndani yake itriamu haizidi gramu 4. Mahitaji makubwa ya ardhi adimu duniani ni ya sumaku za kawaida za injini za magari na mitambo ya upepo. Thamani ya utepe wa supakondakta imo katika mikono na mashine zinazouoka, si katika jiwe.

Jambo moja limebaki bila jibu tangu 1986. Nadharia ya Bardeen na wenzake haitoshi kueleza kauri za shaba. Elektroni zinashikana mbilimbili humo pia, hilo limethibitishwa, lakini mitetemo ya atomu peke yake haina nguvu ya kuzishikanisha kwenye kelvini 90 au 130. Wengi wanaamini kwamba usumaku wa atomu za shaba unahusika, bila kukubaliana namna yake. Kwa kukosa nadharia kamili, wanaotafuta vitu vipya hutegemea uzoefu, kompyuta na subira.

Njia moja imezaa matunda makubwa kwa masharti mazito. Mwaka 2015 kikundi cha Mikhail Eremets huko Mainz, Ujerumani, kiliibana hidrojeni na salfa kati ya ncha mbili za almasi kwa shinikizo la zaidi ya mara milioni moja ya lile la hewa, na kikapata supakondakta kwenye kelvini 203. Miaka michache baadaye lanthanamu na hidrojeni zilifika takriban kelvini 250, ambayo ni baridi ya friza kali tu. Vipande vyenyewe ni vidogo kuliko unene wa unywele, na shinikizo likiondolewa hali nzima hutoweka.

Madai ya kufika joto la chumbani hayajapungua, na mengi yameanguka. Makala mbili za kikundi cha Ranga Dias, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, katika jarida la Nature ziliondolewa, ya kwanza mwaka 2022 na ya pili 2023. Julai 2023 watafiti wa Korea Kusini walitangaza kwamba mchanganyiko wa risasi, shaba na fosfati waliouita LK-99 ni supakondakta hata kwenye joto la mchana, na video za kipande kinachoinuka juu ya sumaku zikasambaa duniani. Ndani ya wiki chache maabara za China, Ujerumani, India na kwingineko zilitengeneza kitu hichohicho na kukipima. Anguko la ukinzani lilitoka kwa uchafu wa salfaidi ya shaba uliokuwamo, na kule kuinuka kulikuwa kwa sumaku ya kawaida. Kipande safi cha LK-99 kiligeuka kuwa kihami, kisichopitisha umeme.